Kiti cha Mwisho cha Fundi Sofa

Nilikuwa naanika mashuka simu ya wifi ilipoita. Alisema tu, "Wifi, mdogo wako katutoka," kisha nikasikia muuguzi akimwambia akae chini.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa sofa. Saratani ya damu ilipomwangusha, mimi ndiye niliyelingana naye kwa vipimo, nikamtolea seli za kutengeneza damu. Saratani haikurudi tena, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini seli zangu ziliuona mwili wake mgeni, zikaushambulia. Ngozi ilikakamaa kama turubai. Macho na mdomo vikakauka, kila tonge akalisukuma kwa maji. Mwisho ikawa zamu ya mapafu.

Njiani watu walimwuliza, "Si ulipona wewe? Mbona huonekani kazini?" Alichoka kueleza.

Alichotaka ni kufunika kiti kimoja kwa mikono yake, aanze na amalize. Mwenye karakana alikofanya kazi alimpa nafasi ya kukaa mlangoni apokee wateja. Akakataa. "Mimi si bango," alisema.

Basi kiti cha mteja kikaletwa barazani kwake. Alivaa barakoa kwa sababu ya vumbi la sponji. Vidole havikukunjika vizuri, kwa hiyo mimi nilivuta kitambaa, yeye akagonga misumari.

"Vuta, dada. Au nguvu zote ulinipa mimi?"

"Nilikupa damu. Mdomo sikukupa."

"Mdomo nao wako huu. Zamani nilikuwa mpole, muulize mke wangu."

"Msinitie kwenye ugomvi wenu," wifi akajibu kutoka jikoni.

Tulimaliza mgongo wa kiti. Tulipofika sehemu ya kukalia, pumzi ikamkatikia. Aliketi sakafuni, nyundo mapajani.

"Mwite fundi mwingine amalizie," alisema. "Mteja anakisubiri."

Hakugonga msumari tena. Wiki ile ile akalazwa. Nilimwomba Mungu amwachie pumzi, hata ya kukaa mlangoni tu. Hakunijalia. Sababu anaijua Yeye, nami bado nasali.

Tulimzika asubuhi. Mafundi wenzake walibeba jeneza, wakapokezana kwa sababu njia ya makaburini ilikuwa na matope. Ikasomwa sala fupi. Wifi alitupa udongo kwanza, nikafuata mimi. Wanaume wakajaza kaburi kwa makoleo mpaka likawa sawa, kisha nikamshika wifi mkono, tukarudi nyumbani.