Lenzi ya Uso wa Kinuyo

Siku Kinuyo aliposema anataka apigwe picha ya mazishi yake, mumewe Yasuharu Igarashi alikuwa mezani akisafisha lenzi ndefu kwa brashi laini, na jambo la kwanza lililomjia akilini halikuwa kifo. Zilimjia milimita. Uso wa mtu, mwanga wa dirisha, umbali wa hatua mbili tatu. Akazipitisha lenzi zake zote kichwani moja baada ya nyingine, akaona hana inayofaa.

"Lenzi ya sura sina," alisema.

Kinuyo alikuwa anakata figili ya supu. Hakugeuka. "Kabati zima lenzi, Baba Naoko. Kabati lina umeme wake wa kukausha hewa. Magodoro yangu yanaota ukungu, lenzi zako zinalala pakavu kama wafalme. Leo unaniambia huna?"

"Za treni ninazo. Za madaraja na milima ninazo. Ya sura ndiyo sina."

"Basi nipige kama treni."

Alisema kwa kejeli, lakini Yasuharu alilichukua wazo hilo na kulifikiria kwa dhati. Ndivyo alivyo mtu huyu, na anayemjua hashangai.

Kazi yake, mpaka alipostaafu, ilikuwa kuunga mabomba ya maji ya mji wetu. Hata hivyo, muulize mtu yeyote katika bonde hili la Aizu, hatakutajia bomba hata moja. Atakwambia, ah, yule wa matreni. Ana bodi tatu za kamera. Ya kwanza ni nzito, na ukiibonyeza inamwaga picha mfululizo, kwa sababu treni inayotoka kwenye kona haimsubiri mtu. Ya pili ni nzembe, lakini inachukua kila jani na kila jiwe, basi hiyo ni ya alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia mto chini ya daraja. Ya tatu ni ya filamu, ya ujana wake, ambayo haitumii na hauzi. Kwenye kona anafunga lenzi ndefu, ili mabehewa yabanane na mlima usogee mgongoni mwa treni. Kwenye daraja anafunga lenzi pana. Akianza kukueleza hayo wakati wa chakula, wali wako utapoa.

Katika picha zote hizo hamna mtu. Kwa watu wa matreni, mtu ndani ya fremu ni uchafu. Ukienda pale kando ya daraja la reli siku ya treni maalumu utawakuta wamejipanga bila kupangwa: wenye lenzi fupi wamechuchumaa mbele, wenye za wastani wamesimama, wenye ndefu wako nyuma juu ya ngazi zao. Treni ikishasikika, yeyote anayekatiza mbele anapigiwa kelele na safu nzima kwa pamoja, awe mtalii, awe mkulima mwenye shamba lake, awe polisi. Anainama kuomba radhi, anatokomea. Sisi wa hapa tumeshazoea, tunazunguka kwa nyuma.

Kinuyo alikuwa na valvu mbovu ya moyo. Madaktari wa hospitali kubwa ya mjini walipanga kumpasua theluji ikianza kuyeyuka, wakasema wengi hutoka salama. Hilo neno "wengi" alilisikia vizuri. Akaanza kuweka mambo yake sawa: kimono hii apewe binamu, mtungi ule wa achari asipewe mtu mvivu, na picha ya kuwekwa mbele ya jeneza ipatikane mapema. Hapa mjini ipo studio inayopiga picha hizo. Unakaa na sweta lako, kompyuta inakuvisha kimono nyeusi ya heshima. Hakuitaka.

"Nataka unipige wewe," alimwambia mumewe.

"Kwa nini mimi? Kuna wataalamu."

"Kwa sababu umetazama matreni maisha yako yote kupitia hicho kitobo. Kabla sijalazwa nataka unitazame na mimi, mara moja. Nikifa bila kutazamwa nitakwenda na kinyongo, nakwambia ukweli."

Yasuharu alisikia, na maneno yalimchoma. Lakini kuna wanaume ambao ukiwachoma wanakimbilia sanduku la vifaa, na yeye ni mmojawao. Jioni hiyohiyo alianza kufanya majaribio.

Alianza na lenzi pana, pale pale jikoni, kwa kuwa jiko ni dogo. Kinuyo alivaa miwani, akaitazama picha kwenye kioo cha kamera.

"Hii pua ni ya nani?"

"Ni kwa sababu lenzi ni pana. Kilicho karibu kinakuwa kikubwa."

"Watu wanakuja kunifukizia udi, wanapokewa na pua! Futa."

Akajaribu lenzi fupi ya kupigia vitu vidogo, aliyokuwa akipigia vibao vya namba za mabehewa. Ikatoa kila kitundu cha ngozi na kila mfereji wa umri, kwa uaminifu usio na adabu. Kinuyo aliishika kamera kwa muda.

"Nimeomba picha," alisema, "sikuomba ramani ya mashamba."

Ndipo Yasuharu akarudi kwenye lile wazo la treni. Alitia alama kwenye theluji mwisho wa bustani, akalenga ukali wa lenzi ndefu pale pale kwenye alama, kama anavyolenga kwenye taruma moja la reli kabla treni haijafika, kisha akajibanza kwenye kibanda cha majembe upande wa pili akimsubiri mkewe afike. Kinuyo alikuja na kimono yake nzuri, akitembea polepole.

"Kulia kidogo!" Yasuharu alipaza sauti.

"Nini?"

"Kulia!"

"Silii! Nimefanywa nini mpaka nilie?"

Alipofika kwenye alama alikuwa ameshaganda. Picha ilikuwa kali kweli, haina kosa, ila uso ulikuwa bapa kama keki ya mchele na macho yalikuwa ya mtu anayengoja basi. Alipoingia ndani midomo ilikuwa imebadilika rangi, na alishika nguzo ya mlango mpaka pumzi ikarudi. Yasuharu alisimama na lenzi yake mkononi. Siku hiyo alishikwa na hofu ya kweli, maana alitambua kwamba mkewe hana nguvu za kuchezewa majaribio mpaka siku ya kulazwa.

Kesho yake akaenda kwa Hoshi. Hoshi alikuwa daktari wa meno, sasa amestaafu, na kwenye safu ya darajani ngazi zao huwa jirani. Alikuwa na lenzi ya milimita themanini na tano, aliyoinunua kwa ajili ya wajukuu.

"Mzee Igarashi na sura za watu, wapi na wapi?" Hoshi alicheka. "Au kuna treni mpya yenye mdomo?"

"Ni Kinuyo. Ya mazishi."

Hoshi akaacha kucheka. Akaenda kuileta mwenyewe, akaifuta kioo kwa pindo la shati. "Fungua tundu lote la mwanga, nyuma yake patayeyuka. Lenga jicho lililo karibu nawe. Kasoro yake moja, lazima usogee. Sogea kama unataka kumng'oa jino."

Ilikuwa imebaki siku moja Kinuyo alazwe. Asubuhi hiyo theluji ya nje ilirudisha mwanga mweupe mpaka ndani, na Yasuharu akamkalisha karibu na dirisha, juu ya mto wa kukalia, amevaa sweta la kawaida. Akaifunga lenzi ya Hoshi kwenye ile bodi nzembe ya alfajiri. Akasogea. Akaona bado hajasogea vya kutosha, akapiga magoti, akasogea tena, mpaka akaanza kusikia pumzi ya mkewe ikitoka kwa kukwaruza. Ni mbali gani huko kwa watu walioishi nyumba moja tangu ujana? Lakini alitoka jasho.

Akalenga jicho la kushoto. Ukali ukaja kwenye kope, ukapanda kwenye nyusi, na katikati ya nyusi akaona mstari mweupe usio na nywele. Akafikiri ni uchafu kwenye kioo. Akashusha kamera akatazama kwa macho matupu, mstari bado upo.

"Hiyo alama umeipata lini?"

"Alama gani?"

"Kwenye nyusi."

Kinuyo aligusa mahali penyewe bila kupapasa. "Ya zamani. Acha, piga picha, miguu inakufa ganzi."

"Lini?"

"Naoko alikuwa bado wa kubebwa mgongoni," Kinuyo alisema. "Zile siku za mwisho za treni ya mvuke. Uliondoka alfajiri bila kula. Nikakuletea matonge ya wali kule darajani, na mtoto mgongoni. Mimi najua habari za fremu, mimi? Nikaona mgongo wako, nikakatiza."

Yasuharu aliitazama tena ile alama.

"Mkanipigia kelele wote. Nilishtuka nikarudi nyuma kwa pupa, nikaanguka kwenye kokoto. Nilianguka kifudifudi ili mtoto asiumie."

"Mimi sikukuona."

"Hukuniona, lakini sauti yako niliisikia. Wewe ndiye uliyeanza kupiga kelele, Baba Naoko. Wengine walifuata."

"Uliniambia uliteleza bafuni."

"Ulipouliza? Hukuuliza! Nilirudi na kitambaa kichwani, ukapita na filamu zako kwenda kuzianika. Bafuni nilimwambia mama yako, maana yeye aliuliza."

Yasuharu aliiweka kamera pembeni, akaweka viganja vyote viwili kwenye mkeka, akainamisha kichwa mpaka paji likagusa chini. "Nisamehe," alisema. Ninaloweza kusema ni kwamba katika mji huu hakuna aliyewahi kumwona akiinama hivyo, hata kwenye msiba wa baba yake.

Akakaa hivyo. Akakaa mno.

"Inuka basi," Kinuyo alisema.

"Siwezi. Magoti."

"Sasa nani atakuinua? Mimi, na moyo huu? Mwanamume gani wewe, unanivunja nyusi, unangoja nizeeke ndipo uombe radhi, halafu unakwama sakafuni kama kabati!" Alikuwa anagomba, na machozi yanamtoka, na kicheko kinamponyoka, vyote kwa pamoja na bila mpango. Yasuharu, akiwa pale pale chini kwa kiwiko kimoja, akaivuta kamera.

"Usinipige sasa! Niko vibaya!"

"Sasa ndiyo," alisema, akabonyeza.

Kinuyo alifuta miwani kwa sweta, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Nywele zimetoka kwenye kibanio, jicho moja dogo kuliko jingine, mdomo wazi katikati ya neno. Na mstari kwenye nyusi.

"Ni hii," alisema. "Asiyenijua atanijua."

Kesho yake akalazwa. Upasuaji ulichukua mchana kutwa, kisha zikafuata siku za mashine, ambapo mgonjwa anaruhusiwa mtu mmoja tu. Binti yao Naoko alitoka Sendai akashinda hospitalini. Baba alirudi nyumbani, na hakuna aliyejua anafanya nini huko. Wanaopita njiani waliona tu taa ya chumba cha wazee, chenye madhabahu ya marehemu wa nyumba, ikiwaka.

Kinuyo alipona. Mapema mwezi wa maua ya cheri Naoko akamrudisha kwa gari, akamshika mkono kupanda kizingiti, akamwingiza chumba cha wazee awasalimie marehemu kwanza, kama desturi. Pale juu ya madhabahu, kwenye safu ya baba mkwe na mama mkwe, katika fremu nyeusi yenye utepe mweusi, ilikuwa imetundikwa picha yake mwenyewe, anagomba.

"Baba!" Naoko alipiga kelele. "Huo ni mkosi! Unamtundika mama na wafu?"

Kinuyo alijitazama pale juu, akamgeukia mumewe aliyesimama mlangoni. "We mzee. Mimi ni mzima."

"Najua," Yasuharu alisema. "Ila hukuwepo, na nilikuwa nataka kukutazama."

Kinuyo alitafuta mto wake karibu na dirisha, akakaa taratibu, mkono kifuani pale penye mshono.

"Ishushe," alisema. "Halafu njoo ukae hapa."