Njia Iliyopita Kwenye Kinyungu cha Mama

Wakija kwenu watu wenye baiskeli za gia na kofia ngumu, wakakuuliza njia isiyopita magari, waambie hujui. Waelekeze barabara kuu, wakapigiwe honi na malori ya Ilula mpaka masikio yazibe. Mimi sikuwaambia hivyo. Niliwaambia karibuni, na tangu hapo sina hamu hata ya kuona baiskeli ya mtu.

Njia isiyo na magari! Yule bwana aliyekuja kuitafuta alikuwa anatamka maneno hayo kama anataja asali. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, ametoka Mbeya, na huko alikuwa ameshawachorea wageni njia za kuzunguka vilima vya chai na migomba. Sasa alitaka nyingine ya kufuata bonde la Ruaha Mdogo, kuanzia kwetu Kalenga, mtu apige pedali siku nzima asisikie injini. Sisi tuliomzunguka tukaangaliana. Kijiji kizima tumeomba gari miaka nenda rudi, la kubebea mgonjwa, la kubebea mahindi, halafu mtu mzima kavaa kaptula ya kubana anatusifia kwa kukosa. Ningekuwa na akili ningemtukana palepale. Lakini alikuwa anatafuta mwenyeji wa kumwongoza, nami niliitaka hiyo kazi, kwa hiyo nikacheka naye.

Mwanamke wa kuendesha baiskeli kwetu nilikuwa mimi. Tangu nimalize darasa la saba nilikuwa napakia mboga kwenye keria alfajiri, napandisha nazo Iringa mjini, na wanaume waliokaa kilabuni kwenye pombe ya ulanzi walikuwa wananiuliza kama nimeshaota ndevu. Niliwajibu matusi ambayo sitayaandika hapa. Kwa hiyo yule bwana aliponipa fulana ya kijani yenye picha ya gurudumu mgongoni, niliivaa siku hiyohiyo nikapita mbele ya kilabu mara mbili bila sababu yoyote.

Sasa nieleze habari za mama, maana ndizo zenyewe.

Mama yangu alikuwa na kinyungu. Kwa asiyejua, kinyungu ni bustani ya bondeni, kandokando ya mto, kwenye ardhi isiyokauka. Mvua zikiisha na mashamba ya juu yakibaki mabua matupu, watu wanateremka bondeni, wanainua matuta, wanapanda maharage, njegere na mahindi ya kuchoma. Mashamba ya juu yalikuwa ya ukoo wa baba, na baba alipofariki mdogo wake aliyashika yote, eti anatutunzia. Kinyungu hakuweza kukishika kwa sababu mama alikirithi kwa mama yake mzazi. Ndicho kitu pekee chini ya jua ambacho mama aliweza kusema "changu" bila mtu kukohoa. Baba mdogo alikuwa anakikodolea macho kila akipita, na mama alikuwa anamwona, akawa anazidisha kulima.

Bonde lina desturi zake. Kinyungu ni cha anayekilima. Ukikiacha msimu mzima bila kulimwa, unahesabiwa umekitupa. Ukiumwa unamkabidhi ndugu yako jembe, jembe lenyewe, mkono kwa mkono, na kuanzia hapo kinyungu kinahesabiwa kimelimwa hata kama huyo ndugu bado hajakanyaga. Halafu kuna habari ya njia. Njia ya bondeni haina kwao. Watu wanapoinua matuta inasukumwa, inawazunguka waliokwisha kulima na kupita kwa yule ambaye bado. Naye akianza, inahama tena. Hakuna anayegombana, maana hata mtoto mdogo anajua njia ya bondeni ni mpangaji tu.

Mwaka aliokuja yule bwana, goti la mama lilikuwa limevimba, hawezi hata kuchuchumaa jikoni. Mwezi wa sita aliniita nyumbani kwake, akanipa jembe lake lenye mpini mweusi.

"Shika, mwanangu. Nilimie. Usikiache kile kinyungu, unamjua baba yako mdogo."

"Sawa, mama. Keshokutwa."

Tulikuwa wawili tu. Jembe nikaliegemeza nyuma ya mlango wangu. Keshokutwa nilikuwa vilimani na yule bwana, namwonyesha njia. Wiki iliyofuata vilevile. Mama akauliza kama nimeanza, nikasema nimeanza. Njia ya mwongo fupi, wanasema wahenga. Ya kwangu ilikuwa hatua arobaini hivi, kutoka mwanzo wa kinyungu cha mama mpaka mwisho wake, katikati kabisa, kwa sababu majirani wote walikuwa wameshainua matuta na kwa mama ndipo palipobaki wazi.

Tulipita hapo mwezi wa saba. Simu ya yule bwana ilikuwa imefungwa kwenye usukani, inachora mstari kila tulipokwenda. Mto kushoto, njegere za watu kulia, na njia imenyooka safi. Akasema safari nzima hajaona pazuri kama hapo. Niliuona mstari kwenye simu unavyokatisha, na nilijua njia hiyo itahama siku jembe likigusa ardhi. Sikusema. Ningesema nini? Kwamba bonde lote limelimwa isipokuwa kwa mama yangu, ambaye amenikabidhi mimi? Nikajiambia huyu katoka Mbeya, kwao nako watu wanalima mabondeni, atakuwa anajua. Baadaye akaleta karatasi, nikasaini kama mwenyeji kwamba njia ndiyo hiyo. Baba mdogo akasaini kama jirani, harakaharaka, na bashasha tele usoni. Hata hilo halikunishtua.

Mwaka uliofuata goti la mama likapoa. Hakunisubiri tena. Alianza mwenyewe mwezi wa tano, tuta baada ya tuta, akapanda njegere na maharage, na njia ikahamia ukingoni mwa mto kama kawaida yake. Mwezi wa saba wakaja wageni wa kwanza, wanane, mimi mbele na fulana yangu. Kufika bondeni nikakata kushoto kufuata njia ilipo. Yule bwana akapiga kelele kutoka nyuma.

"Dada, unatupoteza! Mstari unapita katikati!"

Nikasimama nimweleze. Wale wanane hawakusimama. Walifuata simu zao, wakaingia kwenye matuta ya mama, baiskeli nane za matairi manene, moja nyuma ya nyingine, huku wakisema "jambo, jambo".

Mama alikuwemo humo, anapalilia. Kwetu ukimkuta mtu ana jembe mkononi unashuka kwenye baiskeli, unamsalimu kamwene, unampa pole ya kazi, ndipo unapita ukiikokota. Hakuna aliyeshuka. Mama aliwatazama wakipita mmoja mmoja, na wa mwisho akampiga picha. Kisha akanitazama mimi, akainama kuokota njegere zilizolala.

Nilimtukana yule bwana mpaka wageni wakadhani nimeumwa na nyuki. Nikamwita mwizi, nikamwita kipofu, nikamwuliza kama kwao njegere zinaota barabarani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa ile karatasi kwenye begi.

"Sasa dada yangu, si ulisaini wewe?"

Nilimchukia wakati huo, na namchukia leo, kwa sababu alisema kwa upole na alikuwa na haki ya kuuliza.

Wiki hiyohiyo yule bwana akaleta mawe yaliyopakwa chokaa, yakapangwa safu mbili katikati ya kinyungu. Mfereji wa mama wa kumwagilia ukafukiwa ili magurudumu yasizame, na matuta ya upande wa pili yakaanza kunyauka. Mama hakupiga kelele. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaomba kikao.

Kikao kikakaliwa ofisini, mchana kweupe. Mwenyekiti, wazee wawili wa bondeni, yule bwana na karatasi yake, baba mdogo, mama, na mimi. Dirishani walijaa wanaume wa kilabuni, maana hao wakisikia habari ya mwanamke na ugomvi hata ulanzi wanauacha.

Mwenyekiti simpendi, ana maringo, lakini siku ile alikuwa wa haki. Akasema jambo lenyewe ni dogo. Mwaka ule palikuwa na njia, hakuna anayebisha. Swali ni kama kinyungu kilikuwa kimekabidhiwa mtu au kilikuwa kimetupwa. Kama kilikabidhiwa, basi ni shamba la mtu, njia ilikuwa mpangaji, mawe yang'olewe leo yapelekwe ukingoni na mfereji ufukuliwe. Kama kilitupwa, mama hana la kudai. Njia itabaki hapo, na kinyungu atapewa mwingine mwenye nguvu.

"Kilitupwa," akadakia baba mdogo. "Kila mtu aliona majani."

"Sikukuuliza wewe," mwenyekiti akasema. "Mama, mwaka ule jembe ulimkabidhi nani?"

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa mama. Ilikuwa nisimame tu, niseme alinikabidhi mimi, nikae. Mawe yangeng'olewa siku ileile. Lakini asubuhi yule bwana alikuwa ameniambia yaliyopita yamepita, msimu ujao nitaongoza wageni mpaka Usangu. Na dirishani walikuwa walewale walioniuliza habari za ndevu. Nikisimama, nitakuwa yule mwanamke wa baiskeli aliyepewa jembe na mama yake mgonjwa akaliweka nyuma ya mlango, akamdanganya amelima, kisha akaenda kusaini njia ipite juu ya shamba lake. Wangekuwa wanasema kweli tupu. Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vipya, vya kampuni.

Mama alinisubiri. Msije mkasema hakunisubiri. Alikaa kimya muda ambao mtu angeweza kufunga kamba za viatu vyote viwili, na hakugeuza kichwa kunitazama, asije akanitaja kwa macho. Mwenyekiti akarudia swali.

"Sikumkabidhi mtu," mama akasema. "Nilikuwa mvivu."

Kwetu afadhali uitwe mchawi kuliko uitwe mvivu. Na aliyesema hivyo ni mwanamke aliyelima mpaka kucha za miguu zikageuka rangi ya udongo, aliyenizaa mimi na kurudi bondeni kabla kitovu changu hakijakatika. Dirishani watu wakaguna. Hata baba mdogo aliinamisha kichwa kidogo, kabla hajakumbuka kwamba ameshinda. Mwenyekiti alimtazama mama, akanitazama mimi, akasubiri tena kidogo. Kisha akaandika.

Fulana niliirudisha mwezi huohuo, nikairusha mezani kwa yule bwana nikidhani nafanya ushujaa. Akaikunja vizuri, akasema asante kwa ushirikiano. Alishapata mwenyeji mwingine. Njia ipo mpaka leo. Kila kiangazi wanapita na kofia zao, wanapunga mikono, na baba mdogo anawapungia kutoka kwenye matuta ya upande wenye maji. Nasikia wageni wanaisifu sana kwa utulivu wake. Laana hiyo.

Kwa mama nilikwenda siku ya tatu baada ya kikao, kwa sababu siku ya kwanza na ya pili miguu ilikataa. Nilimkuta amekaa kibarazani na ungo. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yakatoka vipandevipande. Nikamwambia ningesimama, mama, nilikuwa nasimama, hukunipa nafasi. Hata hapo, kwa magoti, nikadanganya.

Hakunifokea. Heri angenifokea, angenirushia ule ungo.

"Jembe langu bado unalo?" akauliza.

"Ninalo, mama. Lipo kwangu. Nikalilete?"

"La nini? Kaa nalo. Mimi sina tena pa kulimia."

Akasogeza ungo magotini, akaendelea kuchambua maharage. Alikuwa ameyanunua sokoni.