Sindano ya Dume

Dalali wa mifugo aliyejipa kazi ya kutufundisha mbio hakuwahi kukimbia hata kufukuza mbuzi. Kitambi kilimtangulia uwanjani, naye akakifuata na filimbi mdomoni. Lakini katika mji wetu wa Isiolo, mwisho wa miaka ya sabini, mwenye gari ndiye aliyekuwa kocha, na yeye alikuwa na pikapu.

Tulikuwa wawili wa kutegemewa katika mita elfu tano, mimi na mwana wa jirani yetu. Kila alfajiri tulikimbia barabara ya Ngaremara na kurudi. Mkoa ulitaka mtu mmoja tu kutoka kwetu, na waliofika huko kabla yetu walikuwa wameandikwa jeshini. Medali ilikuwa ya kumwonyesha mama. Tulichokuwa tukigombea ni kazi.

Wiki ya mashindano dalali akatuita nyuma ya boma la mnada. Akafungua mkebe wa maziwa ya unga, ndani mna chupa ndogo na sindano nene kama msumari. Sote tuliijua. Ndiyo aliyotumia kuwadunga madume waliochoka na safari ya kutoka Biliqo, wapate kusimama wima mbele ya wanunuzi.

"Wallahi, nyinyi mnakimbia vizuri, lakini raundi ya mwisho mnakufa," alisema. "Hii ni dawa. Si mnaona vile ng'ombe yangu inatembea siku ya mnada?"

"Lakini mzee, hiyo ng'ombe ikishauzwa inachinjwa," nikamjibu.

Mwana wa jirani alicheka, kisha akakunja mkono wa shati, akadungwa.

Siku ya mashindano alinishinda kwa hatua kama kumi. Dalali akapuliza filimbi mpaka mate yakamtoka, na maafisa wakampa mkono, wakamsifu kwa jicho lake la kutambua vipaji. Jicho! Labda la kutafuta pa kudunga. Mwenzangu akaenda mkoani, kisha jeshini. Mimi nikarudi kupakia ng'ombe kwenye malori ya watu mnadani.

Jibu langu kwa dalali lilizunguka mji mzima. Kwa miaka mingi nilikuwa yule kijana aliyekataa, wazee wakinitolea mfano msikitini, nami kichwa kikivimba. Mwana wa jirani nilimdharau waziwazi. Akija likizo na viatu vyake vinavyong'aa, nilimwita dume la mnada mbele ya watu, na watu walicheka.

Siku moja, miaka ya themanini ikiwa katikati, alikuja nyumbani, akatoa salaam, akaketi. Mke wangu akamwekea chai. Hakuigusa.

"Ndugu yangu, ile siku nilikuona," akasema. "Ulikuwa unatetemeka. Tangu shule, siku ya chanjo, wewe ulikuwa unaruka dirisha. Sasa niambie ukweli. Ingekuwa tembe, ungekataa?"

Uso uliniwaka. Nikamwambia anywe chai, inapoa.