Breki ya Basi la Mwanza

Tangu usichana wake, Ng'washi wa Kasoli alijua sheria moja ya mwanamke msafiri: siku ya basi, usinywe maji. Gari halisimamishwi kwa sababu ya haja ya mama mtu mzima, na madirisha yana macho.

Kwa hiyo kila alipokwenda Mwanza kutundikiwa dripu ya dawa ya saratani, alifika koo limekauka. Nesi Elineema alikuwa amemwonya: "Mama, dawa hii inaunguza figo. Maji ndiyo kinga yake. Kunywa kwa wingi, kuanzia jana yake." Ng'washi aliitikia kwa adabu, akaona haya kueleza.

Safari ya nne, vipimo vilionyesha figo zimeharibika. Dawa ikasitishwa, uvimbe ukabaki palepale.

Wakati wa kurudi, dereva alisimama Lamadi robo saa nzima akichagua samaki aina ya sato. Ng'washi akamaliza chupa nzima ya maji. Mbele kidogo akapaza sauti: "Simamisha!"

"Vumilia mama, Bariadi si mbali," konda akajibu.

"Nimevumilia mpaka figo zimekufa, mwanangu. Simamisha, au nakojoa hapahapa."

Gari likasimama. Kumbe miaka yote hiyo lilikuwa na breki.