Pasteke Kumi na Ine za Papa

Jambo lote lilitugharimu pasteke, ni kusema matikiti ya maji, kumi na ine, maziwa ya wiki mbili yenye hakuna mutu alikunywa, na baba mumoja. Nimehesabu mara mbili. Wenye wananijua hapa soko la Bunia, mahali ninauzisha, watawaambia kama mimi si mutu wa kuongeza hata moja.

Weye mwenye ulikomea Shari, ulikua kule kijijini wakati mumoja na mimi, utakumbuka mupira wa mifuko tuliofunga na kamba ya mugomba, wenye ulikuwa unakufa kila siku mbele ya goli la tatu. Kengele ya masomo ilikuwa chuma ya gurudumu la kamio, lori ya zamani. Mwalimu akiigonga, tulikimbia na vumbi nyekundu mpaka magoti. Nyumbani kulikuwa sombe ya majani ya muhogo na bugali, na siku ya Mungu samaki ya ziwa. Tulikula mu sahani moja na kila mutoto alijua mupaka wake. Mimi nilihesabu vipande mara mbili, mbele ya sala na kisha sala, juu ya sababu, kati ya "Baba yetu" na "Amina", samaki nyingi zilikuwa zinapotea.

Papa alichimba zahabu kule Mongbwalu. Alikuwa anarudi mwisho wa mwezi na sukari, sabuni, na habari za watu wa kila inchi na kila dini wenye walikuwa wanashuka mu shimo pamoja. Mwaka ule alirudi mbele ya wakati, mikono mitupu, na tumbo lenye lilikataa kazi. Bugali aliyokula asubui, mangaribi alikuwa angali anaisikia mu kifua. Ukikaa karibu naye ulisikia tumbo linagonga polepole, kama mutu anachimba chini sana.

Mwenzake wa shimo, Muislamu mumoja jina lake Zuberi, alibaki chini siku udongo ulianguka. Papa alikuwa amepanda juu kuchukua maji. Zaidi ya pale hakutueleza. Lakini kawaida yao tuliijua tangu zamani: wawili wenye kuchimba shimo moja wanagawa chakula nusu kwa nusu, hata karanga moja. Mwenye kula peke yake, walikuwa wanasema, shimo inamusikia.

Mama alipeleka shida ile mu duka mahali alinunuaka chumvi. Nyuma ya meza ya duka kulikaa mama ya mwenye duka, muzee Muhindi wa mikono midogo, mwenye wote tulimwita Koko, ni kusema nyanya, na mwenye kufuata matunzo ya kwao yanayoitwa Ayurveda. Mimi nilikuwa nimeshika kikapo, nilisikia yote.

"Pasteke," muzee alisema. "Asubui, tumbo tupu. Pasteke peke yake, kitu ingine hapana."

"Na maziwa kidogo, Koko?" Mama aliuliza. Papa alipenda maziwa kupita watoto wake.

"Hapana."

"Kijiko moja tu."

"Hata nusu ya kijiko. Pasteke iko na haraka, maziwa iko nzito. Ukiifunga nyuma ya maziwa, inaozea mu njia. Na mangaribi usimupe. Moto ya tumbo imeisha kulala."

Ile ndiyo siku moja tu niliona Mama anatoka mu duka bila kupunguziwa kitu.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa pasteke zenye kuiva. Mama alitukataza kuzionyesha na kidole, juu tunda lenye kuonyeshwa na kidole linaoza ndani. Basi nilizihesabu na ngumi. Kumi na ine. Nilirudia: kumi na ine.

Asubui ya kwanza Papa alikaa nyuma ya jikoni, juu ya kiti kidogo cha miti. Alipasua pasteke katikati. Nusu moja aliishika. Ingine aliiweka juu ya kiti cha pili, chenye kilimutazama, na hakuna mutu alikikalia. Mama alisimama mu mulango.

"Koko alisema peke yake."

Papa hakuinua kichwa. "Pasteke iko peke yake," alisema. "Siye tuko wawili."

Kazi yangu ilikuwa kuokota mbegu za kukausha. Nilikuta vichungu viwili, marundo madogo ya mbegu. Cha Papa kilikuwa ovyo, mbegu zingali na nyama nyekundu. Cha pili kilikuwa safi, mbegu zimelala mustari kwa mustari, ncha zote zinaangalia barabara ya Mongbwalu. Nilijiambia Papa anakula zote mbili. Mutoto mwenye kuhesabu anapenda jibu lenye kutosha.

Siku ya saba nilijificha nyuma ya kuni. Papa alimaliza nusu yake, akaenda kunawa. Nusu ingine ilibaki nzima, nyekundu, na maji yake inatoka. Kuku mumoja alikuja, akanyoosha shingo, akasimama, kisha akarudi kinyumenyume. Tangu pale sijaona tena kuku wa kutembea vile. Mama aliniita, niligeuza kichwa kumujibu "nakuja." Nilipoangalia tena, juu ya kiti kulikuwa ganda tu, jembamba kama karatasi. Na mbegu mustari kwa mustari.

Sikumwambia mutu, juu tumbo la Papa lilikuwa linapona. Alikuwa anakula bugali na inashuka. Kugonga kule chini kulinyamaza. Siku ya kumi na moja alicheka, akamwambia Mama kama Mongbwalu imekwisha: atabaki, atafungua meza ya kuuzisha vitu hapa Bunia, atakula na siye kila siku. Nilifanya hesabu ya baba wa siku makumi tatu mu mwezi, nikaona tumetajirika.

Ya kumi na tatu ndiyo ilikuwa tamu kupita zote. Nilijua kwa harufu. Papa alienda kunawa, mimi nikabaki na ile nusu juu ya kiti. Nilijiambia mutu mwenye kufa hana tumbo. Nilikula mbio, kidevu kimelowa, na mbegu nilizimeza zote, juu nilijua zitahesabiwa. Ganda nikalirudisha pahali pake.

Papa alirudi, akaona kichungu kimoja tu. Hakukasirika.

"Nani alikula?"

"Yeye," nilisema.

Papa aliangalia kile kiti. Aliinamisha kichwa pembeni, kama mutu anasikiliza mwenzake wa sauti ndogo. Kisha aliniangalia mimi, muda murefu.

"Anasema hakula."

Kesho yake asubui alichuma ya kumi na ine, akaifunga nzima mu kitenge ya Mama. Mama alishika ncha ya kitenge.

"Ulisema utabaki."

"Namupelekea sehemu yake, narudi. Siku tatu."

Nilihesabu tatu. Nilirudia, zikafika sita. Kisha niliacha. Muchuuzi mumoja mwenye alitoka kule alituambia alikutana na Papa mu njia, pasteke juu ya bega, anatembea pembeni sana, kama mutu mwenye kumwachia mwengine nafasi, na anazungumuza. Ile ndiyo habari ya mwisho.

Leo pasteke inauzishwa vipande vipande mu plastiki. Binti yangu anaisaga na maziwa ya poda na ndizi, anatia barafu, anaipiga picha mbele ya kuinywa, kisha analala na tumbo kama ngoma na ananiuliza sababu. Nikimueleza ile ya Koko wa duka, anasema, "Mama, Ayurveda niliisha kuiona mu telefone." Siye tuliisikia kwa mutu mwenye alituangalia mu macho. Na zamani mu sahani moja tulijua tuko wangapi. Sasa kila mutoto iko na sahani yake, na hakuna mwenye kuuliza nani hajakula.

Mwaka huu tumbo langu nalo limekataa kazi. Linagonga chini. Basi nikaanza: asubui, tumbo tupu, pasteke peke yake. Na juu najua kitu nilikula, ninaipasua katikati, nusu ingine naiweka juu ya kiti cha mbele yangu. Wiki ya kwanza ilikuliwa na nzi. Wiki ya pili nilikuta mbegu mustari kwa mustari, ncha zinaangalia Mongbwalu, na ile siku bugali ilishuka.

Lakini tangu siku tatu, upande wa kile kiti kuko vichungu viwili. Kimoja safi. Kingine ovyo, mbegu zingali na nyama nyekundu, kama za mutu mwenye kukimbilia kunawa. Nimehesabu mara mbili.

Nusu moja kwa watu wawili haiko haki. Mimi ni mutu wa soko, ile naijua. Lakini nikiongeza sehemu, naogopa watazoea, na kesho wataniita nikae upande wao. Mama hayuko tena nimuulize. Nyinyi wenye tulikomea pamoja, munisaidie: kesho asubui nikate mara mbili, ao mara tatu?