Mstari wa Ngata

Nilikuwa mtu wa majivuno, na majivuno yangu yalikuwa ya saa. Ilikuwa saa ya mkononi niliyopewa na serikali pale Mbale, pamoja na baiskeli, debe tupu na bunda la fomu, ili nizunguke kwenye chemchemi zilizojengewa saruji na kupima maji yake. Kazi yenyewe haikuhitaji akili nyingi. Unakinga debe chini ya bomba, unatazama saa. Likijaa kabla dakika tano hazijaisha, unaandika "inatosha". Zikipita, unaandika "haitoshi", na mafundi wanatumwa kunasa maji yanayovuja pembeni na kuongeza bomba la pili. Hakuna aliyenituma nimuulize mtu neno lolote, na hilo lilinifaa sana, maana watu walinichosha upesi.

Ofisini kulikuwa na ubao mweusi. Msimamizi wetu mkuu, Singasinga mzaliwa wa Jinja, mtu wa maneno machache na futi ya kukunja isiyotoka mfukoni, alisema serikali imechoka kuambiwa kazi inaendelea. Sasa inataka kuona. Kila mpimaji akachorewa mstari wake wa chaki. Mstari ulirefuka kwa kila chemchemi iliyotosha, na mwenye mstari mrefu mwisho wa mwaka angehamishiwa Jinja. Wenzangu waliuona ubao ule kama mapambo ya ukuta. Mimi niliuona kama tikiti ya gari moshi.

Jinja ndiko alikokuwa mke wangu, kwa kaka yake, mtaa wa Walukuba, pamoja na mtoto wetu wa kwanza, aliyeanza kutambaa bila mimi kuona. Nilikwisha kwenda kumwomba aje Mbale, mtaa wa Malukhu nilikopanga. Alikataa. Walukuba bomba lilikuwa karibu na mlango, na majirani wenye asili ya Mbale walimweleza habari za maji ya kwetu.

"Siji kushinda kwenye foleni ya maji," aliniambia.

"Foleni gani? Mimi ndiye ninayeyapima. Yanatosha!"

"Wewe unapima. Wao wanateka," alisema, akaendelea kumfunga mtoto nepi.

Nilikasirika safari nzima ya kurudi. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mto ukizuiwa kule Jinja na watu waliojua hesabu, saruji ikimwagwa kwa vipimo, na tangu siku hiyo niliamini kwamba namba haidanganyi.

Basi mwisho wa mwaka ukakaribia, na mstari wangu ukawa sawasawa na wa mwenzangu mmoja. Ilibaki chemchemi moja, mlimani juu ya Malukhu, niliyoipima pia mwaka uliotangulia. Nilifika asubuhi, jua limeshachomoza. Bombani palikuwa na wanawake watatu tu. Nilifurahi. Lakini njia nzima ilikuwa imetapakaa mafundo ya majani makavu ya mgomba, moja nyuma ya jingine, yakipanda mlima hadi yalipopotelea kwenye migomba. Mimi ni mtu wa usafi. Nilianza kuyasukuma kwa kiatu, nikayarundika pembeni, nikapata mahali safi pa kuweka debe langu.

Mmoja wa wale watatu akapiga ukelele. Mara wanawake wakaanza kutokea mashambani, majembe mkononi. Mrefu kuliko wote, tope hadi magotini, akaja kusimama mbele yangu. Kwa sababu ya kaptula yangu ya kaki waliniita afande, ingawa askari alikuwa babu yangu, si mimi.

"Wewe afande, nani natuma wewe haribu watu?"

"Watu gani? Nimeondoa takataka."

"Hii hapana takataka." Akachomoa fundo moja kwenye rundo na kulibandika kichwani, na hapo nikatambua kwamba ni ngata, ule mviringo anaouweka mwanamke kichwani chini ya mtungi. "Hii ni mimi. Ile ni jirani yangu. Ile ni mama ya mapacha. Sisi naweka hapa alfajiri, nakwenda lima. Mstari nasogea, watu nasogeza ngata ya wote."

Nilitazama lile rundo. Miaka miwili nilikuwa nikipima maji huku nikiruka watu kwa miguu.

Nilitegemea ugomvi. Badala yake nikaona jambo ambalo hadi leo nikilisimulia mwili hunisisimka. Wanawake wale waliinamia rundo la ngata ambazo kwangu zilikuwa zote sawa, na kila mmoja akachukua yake bila kukosea. Wa kwanza akaweka yake, wa pili akaweka nyuma yake, na wale ambao hawakuwepo wakawekewa na wenzao. "Huyu alikuwa nyuma ya yule." "Huyu amekwenda hospitali, yake ndiyo hii." Mmoja alijisogeza mbele hatua moja. Wote wakamtazama. Akacheka, akarudi. Mstari mzima ukasimama tena ulivyokuwa, na hapakuwa na kalamu wala karatasi pale zaidi ya zangu. Ofisi yetu, na makabati yake yote, isingeweza kufanya vile.

Debe langu lilijaa kabla ya dakika tano. Nilikuwa nimeshatoa kalamu.

"Nyinyi napima maji," akasema yule mrefu, akinitazama. "Watu hapana pima?"

Nikayamimina maji yangu kwenye mtungi wa kwanza, nikaligeuza debe, nikaketi juu yake na kuisubiri ngata ya yule mrefu ifike bombani. Alijitwisha mtungi jua limeshapita utosini. Niliandika "haitoshi", nikijua ninachokiandika ni mwaka mwingine bila mke na mtoto.

Ofisini nilimwambia msimamizi zaidi ya hapo. Nilimwambia afute mstari wangu wote, kwa sababu hakuna chemchemi hata moja ambako nilihesabu ngata.

"Unajua unafuta Jinja yako?" aliuliza.

"Najua, bwana."

Hakufuta. Alfajiri iliyofuata tulipanda mlima pamoja. Yule mrefu alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu, akasema naye aweke kitu. Msimamizi akatoa futi yake mfukoni, akailaza chini nyuma ya ngata ya mwisho.

Wakaisogeza. Kila mtungi ulipojaa, ngata zikasogea na futi ya serikali ikasogea, haikurukwa wala haikupendelewa. Yeye akakaa juu ya jiwe, jasho likimtiririka ndevuni. Futi ilipofika bombani saa sita ilikuwa imepita. Akanawa uso, akanywa kwa viganja. Wanawake walikuwa wamemzunguka.

"Mwaka jana nyinyi naandika nini juu ya maji hii?" yule mrefu akauliza.

"Tuliandika inatosha."

"Nani naandika?"

Nikainua mkono. Sikuwahi kuona mkono wangu ukiwa mzito namna ile. "Mimi," nikasema. "Sikuwahesabu. Nilikosea."

"Na mimi nilitia sahihi," akasema msimamizi.

Hakuna aliyetupigia makofi. Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu alituomba tusogee akinge maji. Lakini nilikuwa nimeiona serikali ikijibu, imesimama kwenye tope, mbele ya watu wenye majembe, na moyo ulinijaa hadi nikashindwa kupanda baiskeli; niliikokota mpaka mjini.

Siku hiyo ubao ulifutwa wote. Kwenye fomu ikaongezwa safu mpya: mtu wa mwisho kwenye mstari anasubiri muda gani. Jinja sikwenda. Nilimwandikia mke wangu barua, nikamweleza kila kitu, hata habari ya kiatu changu, na kwamba alichosikia Walukuba kilikuwa kweli tupu. Hakujibu kwa muda mrefu. Mafundi walipokwisha weka bomba la pili na la tatu pale mlimani, nikamwandikia tena. Safari hii alijibu kwa kuja mwenyewe, mtoto mgongoni.

Asubuhi ya kwanza aliinjika maharage, akasokota ngata, akachukua mtungi. Nilimwambia aepue kwanza chungu, la sivyo atayakuta yameungua. Alitoka, chungu akakiacha motoni.

Niliketi karibu na moto. Saa ilikuwa mkononi lakini niliogopa kuitazama. Mtoto, ambaye sasa alikuwa akitembea, alikuja mpaka kwenye magoti yangu. Kisha nikasikia hatua za mtu mwenye mzigo, na mke wangu akaingia, maji yakimdondoka begani. Akatua mtungi, akafunua chungu, akachukua harage moja na kulibinya kwa vidole. Lilikuwa bado gumu.

"Haya," akasema, "andika hiyo."