Maziwa ya Baba Flavia

Mume wangu Thadeus ni mbishi, na mimi ni mbishi kumzidi, ndiyo maana tumedumu. Anayeyusha vyuma chakavu kule Njoro tangu kabla binti yetu Flavia hajazaliwa. Injini zilizokufa zinaingia tanuruni, zinatoka sufuria. Moshi wa pale unakaba, acha kabisa. Na dawa ya mafundi wote ni maziwa, eti yanaosha kifua. Basi kila alfajiri, hapa kwetu Kibosho, namkamua ng'ombe, namjazia Thadeus chupa yake, anateremka nayo mjini.

Kikohozi kikaja, kikagoma kuondoka. Mwaka huu nikamwona anapanda njia ya nyumbani huku akishikashika migomba ya watu.

"Vipi, Baba Flavia?"

"Naisalimia."

Jamani, mwanaume huyu! Nikamburuta hospitali. Daktari, binti mdogo tu, alituamkia kwanza, kisha akatuonyesha picha. Vumbi na moshi vimeacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayafutiki. Akiuacha moshi sasa, pumzi iliyobaki itamtunza. Akiendelea, itakwisha.

"Na maziwa je?" nikauliza. "Anakunywa kila siku."

"Mama, maziwa yanakwenda tumboni. Kifuani hayafiki."

Niliona aibu, nikatamani nijifiche chini ya meza. Miaka yote hiyo nimejidanganya kwamba namtibu! Tulipotoka nje, Thadeus akanishika mkono.

"Nilijua. Tulishaambiwa zamani kazini."

"Sasa ulikuwa unakunywa ya nini?"

"Si umekamua wewe?"

Nililia pale pale getini, watu wakanitazama, shauri yao.

Kesho yake asubuhi namkuta amevaa mabuti, anasubiri chupa. Yesu na Maria! Nikapandwa na hasira.

"Leo hupati. Na huendi."

"Mektrida, mimi ni fundi. Nikiacha tanuru nitakuwa nani?"

"Utakuwa Baba Flavia anayepumua! Nakupenda, we mzee, unasikia? Sitaki kubaki na ng'ombe peke yangu."

Akakaa kwenye kigoda pale mlangoni, akainama. Akavua buti la kushoto, pumzi ikamwishia, akangoja irudi. Halafu akavua la kulia.